Chupa Kumi na Mbili Juu ya Moto

Siku moja ninaikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu Lusajo, na kama ingewezekana ningeisahau. Ni siku niliyomswaga mtamba wa mama yangu kutoka Kawetele hadi mnadani, nikarudi nyumbani nimebeba sanduku la mvinyo kichwani.

Ninakusimulia kwa sababu juzi ulikaa hapa barazani kwangu Bulyaga, ukanionyesha kwenye simu picha za chupa zenye vumbi, ukasema hiyo ndiyo akiba ya watu wenye akili siku hizi. Kwamba mtu ananunua mvinyo wa zamani, anauacha tu, na kila mwaka unapanda bei. Kisha ukaniomba, mimi baba yako mkubwa, nitie sahihi ili shamba la chai aliloliacha marehemu mdogo wangu kule Kyimo liuzwe, upate za kuanzia. Sikukujibu, ukadhani sijaelewa. Nilielewa vizuri sana, ila nilichoka ghafla, kama mtu anayeambiwa aupande tena mlima alioushuka jana.

Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nahudumia mezani katika nyumba ya meneja wa shamba moja la chai. Nilijua kupiga pasi vitambaa vya meza, kupanga uma na visu, na kumimina mvinyo bila kudondosha hata tone. Kwa kazi hiyo nilijiona nimeuona ulimwengu wote. Vijana wenzangu waliokuwa wakichuma chai kwenye mvua niliwaita washamba, na mimi mwenyewe nilikuwa nakula makombo ya mtu. Ujana una mambo.

Meneja akapata uhamisho wa kurudi kwao, akaanza kuuza vitu vya nyumbani. Kila mfanyakazi alinunua alichokiweza. Mlinzi wa getini, mzee Ambokile, alinunua mabati yaliyobomolewa kwenye banda la gari. Yalikuwa na kutu na matundu ya misumari, tukamcheka. Mimi nilikuwa nimelikazia macho sanduku la mbao lenye chupa kumi na mbili, maana mara nyingi nilimsikia meneja akiwaambia wageni wake kuwa kwao kuna watu wanaweka chupa za namna hiyo miaka ishirini, halafu wanaziuza kwa bei ya nyumba. Nilipomuuliza, alisema ni kweli, kwa baadhi ya chupa, na kwa watu wanaojua. Hapo nisimsingizie, mwanangu. Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyesikia nusu ya kwanza nikaiacha ya pili. Aliniagiza pia nizilaze ubavu mahali penye giza na ubaridi, nikaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana.

Sasa habari ya yule mtamba. Mama yangu alikuwa mjane. Kaka yake alimpa ndama jike, akamlea kwa vigogo vya migomba na maganda ya ndizi mpaka akawa mtamba wa kupandwa. Mpango wake alikuwa ameshautangaza kwa kila mtu, hata kwa akina mama wa kanisani: mtamba akizaa tutauza maziwa, na ndama wa kwanza akikua atauzwa tununue mabati. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na mvua ya huku unaijua, haina likizo. Paa lilikuwa limechoka. Kila msimu mama alihamisha kitanda akitafuta pembe kavu.

Nikamwambia nitamuuza mtamba ninunue chupa, na chupa hizo zitakuja kutujengea nyumba ya matofali. Hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa anamenya ndizi, akaweka kisu chini akaniangalia.

"Chupa zenyewe zinazaa lini?" aliuliza.

Nikacheka. "Hizi hazizai, mama. Zinakaa tu, zinapanda bei."

"Zinakaa tu," alisema, akachukua kisu chake. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Baada ya hapo alinyamaza, na mimi nikauchukua ule ukimya kuwa ruhusa. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikukaa chini nikamenya naye hata ndizi mbili, labda angesema lililokuwa moyoni.

Kosa lililofuata ni la mtu wa huku hasa, mgeni asingelifanya. Katika nyumba zetu za zamani, kila kitu cha kutunzwa kilikaa juu ya moto. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa mianzi, na hapo ndipo mama alipoweka mahindi ya mbegu, yapate moshi, yasiingiwe na wadudu wala unyevu. Hakukuwa na sehemu kavu kama ile nyumba nzima, na giza lake la masizi lilitosha. Ubaridi niliusahau. Nilijiambia kwamba uchaga unaotunza mbegu mwaka mzima hauwezi kushindwa na chupa. Nikayashusha mahindi ya mama, nikayatia kwenye gunia chini ya kitanda chake, nikazipanga chupa zangu kule juu, zimesimama wima.

Cha kuchekesha, kama unaweza kucheka, ni kwamba Tukuyu yote ni baridi. Ningezilaza chini ya kitanda changu, labda zingekaa salama. Mimi nikatafuta sehemu moja tu yenye joto katika nyumba ile, nikaziweka hapo miaka minne.

Msimu wa kwanza tu, gunia likavujiwa. Mbegu zikaota ukungu. Mama akatoka na kikapu kwenda kuomba mbegu kwa jirani, yeye ambaye watu ndio waliokuwa wakija kuomba kwake. Niliona aibu, siwezi kusema sikuona. Lakini macho yangu yalikuwa juu ya uchaga. Kila Jumapili baada ya ibada nilipanda kuzifuta masizi, mama akinitazama kutoka chini.

Mwaka wa nne kifua chake kikaanza kumsumbua, nikaona wakati wa kuuza umefika. Nilifunga chupa moja kwenye kanga yake, nikaenda nayo Mbeya, kwenye hoteli iliyokuwa ikipokea wageni wa mbali. Msimamizi wa baa alikuwa mtu mzima, mpole. Aliigeuzageuza mwangani. Karatasi yake ilikuwa nyeusi kwa moshi, kizibo kimekauka na kuchomoza. Akaifungua, akainusa, akanimiminia kidogo nionje mwenyewe.

Ilikuwa siki, mwanangu. Siki yenye harufu ya jiko letu.

"Ulikuwa unaiweka wapi?" aliuliza.

"Juu ya moto."

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinivutia kiti. "Sikiliza, kijana," alisema. "Hata kama ingekuwa nzima nisingeinunua. Wanaonunua vitu hivi kwa hela nyingi wanataka karatasi zake: imetoka wapi, imelala wapi, imepita mikononi mwa nani. Wewe una chupa na maneno yako tu. Halafu mvinyo mwingi haukai, hata ukiutunza vipi. Umetengenezwa unywewe. Ni aina chache sana zinazongojewa, na wanaozijua wana vyumba vyake vya ubaridi, na wana kitu kingine cha kula wakati wanangoja."

Nilirudi na kanga mkononi. Mama alikuwa amekaa karibu na moto, amejifunika. Nilimweleza yote bila kuficha. Nilitamani anigombeze, walau anipige na mwiko, nipumzike. Alikohoa kwanza, kisha akainua uso akauangalia uchaga.

"Basi zishushe," alisema. "Nirudishe mbegu zangu."

Nilizishusha zote nikazimwaga nyuma ya nyumba kwenye migomba, na yeye akayapandisha mahindi yake mwenyewe, akakataa nisimsaidie.

Alifariki msimu uleule, mvua ikinyesha, beseni likiwa kando ya kitanda linapokea matone. Watu walipojaa msibani, mzee Ambokile alikuja na mabati manne kati ya yale tuliyomcheka, akayafunga juu ya miti pale uwanjani ili wazee wapate pa kukaa pakavu. Nilimshikia kamba. "Pole, mwanangu. Kaza hapo," ndilo neno pekee aliloniambia, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Nyumba ya mama niliiezeka mabati mwaka uliofuata. Ipo mpaka leo pale Kawetele. Hakuna anayelala ndani.

Ndiyo maana sikukujibu juzi, Lusajo. Nimechoka kuisimulia habari hii, na nimechoka zaidi kuinyamazia.

Sikuambii kwamba mvinyo wa zamani ni utapeli. Wapo wanaopata. Ila hao ni watu wanaoijua chupa kama mama yako anavyolijua jani la chai la kuchuma na la kuacha, na wanaweza kungoja miaka kumi bila kuhangaika. Wewe hizo chupa hujawahi hata kuzishika. Umesema zitalala kwenye ghala la watu, nchi ya mbali, na ghala utalilipia, na bima utailipia. Muda wote huo hazitakupa hata kikombe cha uji. Ukipatwa na shida, utaanza kumtafuta mnunuzi, na mnunuzi anaweza asionekane. Anayekuuzia leo, yeye amekwisha kupata yake.

Najua chai inasumbua. Bei yake inakatisha tamaa, siwezi kukulaumu ukiichoka, hata mimi nimeichoka. Lakini inachumwa. Mvua ikinyesha inachipua, mama yako anajifunga kapu mgongoni anaingia, na ni majani yaleyale yaliyokusomesha. Ukiwa na hela ambayo ikipotea hakuna atakayelala njaa wala kulowa, nunua chupa yako, sina neno. Isipouzika utainywa na rafiki zako, mtacheka. Lakini usiuze kinachozaa ukanunua kinachokaa tu. Na kikiwa kinazaa kwa ajili ya mtu mwingine, ambaye ameshakipangia maisha yake, hicho usikiguse kabisa kabla hujamsikiliza yeye.

Sahihi yangu sikunyimi. Kalamu ipo. Kwanza panda gari uende Kyimo, umkute mama yako shambani, umweleze kwa mdomo wako kama mimi nilivyomweleza wangu. Umsaidie kuchuma wakati unaeleza. Akikuuliza chupa zinazaa lini, mjibu. Akinyamaza, rudi nyumbani na uichane ile karatasi ya kuuza shamba, maana mimi ukimya huo niliuchukua kuwa ruhusa. Akisema ndiyo, na umeisikia, niletee nitie sahihi.

Haya, nenda. Kyala akusaje, mwanangu. Mungu akubariki, akupe akili kuliko aliyonipa mimi nikiwa na umri wako, na mama yako amjalie kulala pakavu siku zake zote, nawe uwepo kuliona hilo.