Namba Niliyompelekea Mkwe wa Deo

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kishanda kumposea mpwa wangu Deo. Ukoo ulinichagua kuwa mshenga kwa sababu nimesoma chuo kikuu, na baba wa Koku, binti tuliyemfuata, ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Nikaona nimfurahishe kwa lugha yake.

"Mzee, moyo wa Deo ni kama milioni moja na moja," nilisema. "Namba hiyo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Darasani huitwa namba tasa, lakini neno hilo halitajwi kwenye posa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejaribu kuigawa kwa mbili, tatu, tano na saba, nikachoka.

Mzee aliguna. Deo akanitazama kwa shukrani.

Ndipo Koku, ambaye hufundisha kisomo cha watu wazima kijijini, akaingia na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Akapiga magoti, akatukaribisha, kisha akasema taratibu, "Baba, inagawanyika kwa mia moja na moja. Hakibaki kitu."

"Kwa hiyo kijana ana wengine?" Mzee aliuliza.

Deo alinigeukia. Mimi nilijaza kahawa mdomoni ili nisiulizwe.

"Deo namfahamu, baba," Koku alisema. "Aliyekosea ni mshenga."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, nasi tukapumua.

"Kijana tumempokea," alisema. "Wewe, ndugu mshenga, Jumatatu uende kisomoni kwa binti yangu. Ukae mbele."