Nusu ya Vidonge vya Gwalinje

Saa kumi na mbili asubuhi, kambi ya vibarua wa michikichi nje ya mji wa Kimbe. Gwalinje Apulala ananoa mundu wake kama kila siku, akisubiri Kundama atoke chooni ili amchokoze.

“Wewe Kundama! Mikungu inakungoja, au umejifungua huko?”

Leo Kundama anatoka akishikilia ukuta, macho ya manjano.

“Mkojo wangu,” anasema. “Mweusi kama chai ya rangi.”

Gwalinje anatupa jiwe la kunolea.

Wote wawili wametoka wilaya ya Maprik, ng’ambo ya bahari, kuja kukata chikichi. Nyumbani ni mahasimu wa viazi vikuu. Kiazi chako kirefu kuliko vyote hukili. Unampa hasimu wako, naye akishindwa kukurudishia kirefu zaidi, kijiji kizima kinamcheka.

“Msimu uliopita nilimpa kiazi kirefu kuliko yeye mwenyewe,” anasema Gwalinje, mwenye miaka 41. “Aliondoka uwanjani kimya kama mwizi.”

Kambini, malaria imemrudia Gwalinje mara tatu mwaka huu. Mara ya mwisho zahanati ilimpa vidonge vya siku kumi na nne, vya kuing’oa mpaka kwenye ini. Kundama naye alikuwa akitetemeka, lakini kibarua asiyefika shambani hapati ujira. Hakwenda kupimwa. Gwalinje akagawa vidonge vyake nusu kwa nusu.

Trekta la mikungu linawafikisha zahanati. Sista Relvie anamtazama mgonjwa macho, kisha kucha.

“Umemeza dawa yoyote?”

“Sijameza kitu,” anajibu Kundama haraka. Hataki ijulikane amepokea asichoweza kulipa. Gwalinje anamfichia siri.

Sista anaingia ndani kupiga simu hospitali. Kundama anachomoa kidonge mfukoni.

“Cha leo bado,” ananong’ona. “Kitanisaidia.”

Gwalinje anakumbuka siku aliyopewa vidonge vile. Alitobolewa kidole mara mbili. Ya kwanza kutafuta malaria; ya pili, sista alisema, kuona kama damu yake inaiweza dawa.

Kundama hakutobolewa hata mara moja.

Gwalinje anamdaka mkono ukiwa mdomoni. “Sista! Amevimeza! Nilimpa vyangu!”

Sista Relvie anatoka mbio, simu ingali sikioni. “Vile vya siku kumi na nne? Gwalinje, kuna damu isiyovistahimili! Chembe zake zinapasuka!”

Hospitalini, Kundama aliongezewa chupa mbili za damu. Alirudi kambini baada ya wiki tatu, amekonda, bado hajaruhusiwa kushika mundu.

Gwalinje sasa amemaliza dozi mpya nzima, akimeza mbele ya sista. Kibarua mgeni akianza kutetemeka, humshika mkono mpaka zahanati, hata akitukanwa njiani. Anapanga kurudi Maprik msimu wa kupanda, yeye na Kundama pamoja.

Juzi jioni, wakila ugali wa sago kibarazani, Kundama alianza uchokozi wake wa zamani.

“Mjanja wewe! Ulitaka kunishinda hata kwa vidonge. Ngoja, nitakulipa kiazi cha urefu wa mchikichi.”

Wenzao walicheka. Gwalinje hakucheka.

“Usinilipe,” alisema. “Sikuwa nashindana. Nilitaka tu usife.”