Kofia ya Okeyo

Jumamosi hiyo mume wangu Okeyo alikuwa amekaa nje ya nyumba yetu Asembo Bay, ulimi umemtoka kidogo, akiandika jina lake ndani ya kofia yake kwa wino usiofutika. Alikuwa koplo wa jeshi la anga, karani wa stoo ya sare, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Kila kitu chake kilikuwa na jina, hata kijiko.

"Nyar Muhoroni," aliniita, maana nilitoka Muhoroni kwenye miwa, "jeshini kitu kama haina jina, haina mwenyewe."

"Basi niandike na mimi."

Akanishika mkono, akanichora O kubwa kwenye kiganja. Tulicheka mpaka mama yake akatoka jikoni kututazama. Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili.

Kesho yake asubuhi redio ilisema serikali imepinduliwa. Baadaye siku hiyo hiyo ikasema haijapinduliwa, na kwamba waliojaribu ni askari wa jeshi la anga. Kisha wote waliokuwa likizoni wakaamriwa kujipeleka. Mama mkwe alimsihi Okeyo avuke ziwa akajifiche. Alikataa katakata. Alikuwa na karatasi yake ya likizo yenye mhuri, na yeye, kama karani, aliziamini karatasi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Aliniachia kofia, akasema nimtunzie, akashika njia ya Kisumu.

Wiki hiyo waliokuwa na waume au wana katika jeshi hilo walichoma kila nguo ya buluu, na picha pia. Mama mkwe alitia sare za mwanawe kwenye gunia lenye mawe, akalizamisha ziwani. Kisha akanyoosha mkono.

"Na hiyo kofia pia iende, nyathina, mwanangu. Itatuua."

"Hapana, Mama. Hii nimeambiwa nitunze."

Lori la wanajeshi liliingia nikiwa naanika omena. Niliitupa kofia kwenye karai, nikamwaga omena juu yake.

Walipindua vitanda. Walitoboa magunia ya mahindi.

Mmoja akasimama mbele yangu.

"Bwana yako ako wapi?"

"Alienda kuripoti. Si redio ilisema?"

Akaliangalia karai.

"Hii ni nini?"

"Omena. Chukua kidogo ukapike."

Sijui ni shetani gani aliyenituma kusema hivyo. Askari akachuchumaa, akazamisha mkono.

Ukazama mpaka kwenye kifundo.

Akautoa umejaa samaki. Akawafunga kwenye gazeti, akaniambia asante, Mama.

Walipoondoka nikakaa chini palepale.

Miezi ikapita. Waliokuwa kizuizini wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamekonda. Okeyo hakurudi. Wenzake walisema walitenganishwa naye kwenye malori, basi. Baba mkwe alingoja, kisha akaagiza tunda la yago, lile refu ambalo kwetu huzikwa mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Wazee walitaka kofia izikwe nalo. Nilisimama mbele yao nikasema haizikwi, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki chenye jina lake kwa mkono wake. Waliniita mkaidi, na hawakukosea. Tangu siku ile mama mkwe hakulitaja tena jina la mwanawe.

Katika miaka ya tisini, watu walipoanza kusema bila kuangalia nyuma, nilisikia kuwa jumba la makumbusho mjini Kisumu linatafuta vitu vya jeshi la anga la zamani, lile lililovunjwa. Nilikwenda na kofia yangu. Kamau, kijana wa makumbusho aliyekulia dukani kwa babake hapo mjini, alinionyesha walivyopata: mashine ya chapa, mihuri, fomu za kuombea buti. Kazi za Okeyo hasa. Akainusa kofia, akakunja pua.

"Ni omena," nikamwambia. "Hiyo haitoki."

"Sawa, Mama. Tutaandika: kofia ya askari."

"Askari gani?"

"Majina hatuandiki. Watu wengine bado wanaogopa."

"Mimi siogopi. Na hutaandika kitu. Igeuze tu."

"Itakaa kama bakuli!"

"Ikae."

Alicheka, akaigeuza. OKEYO P. ikatazama juu, wino mweusi kama siku ile.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho nilimpeleka mama mkwe. Hakujua kusoma. Nikamwekea kidole chake kwenye kioo, juu ya ile O.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

Akaweka kiganja chote. Kisha akamwita mwanawe mbele ya wageni wote, Okeyo, Okeyo, kwa sauti ile ya kumwita mtu aje kula. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipochoka kuita nilimshika mkono, tukatoka nje tukatafute gari la kurudi Asembo.