Sekunde ya Arobaini

Wanafunzi wangu kumi na tisa walikosea mtihani kwa sekunde ileile. Sitanii. Nilikuwepo, na aliyewafundisha ni mie.

Naitwa Madam Kokuberwa, nafundisha kemia sekondari moja ya Manzese. Maabara tunayo. Ndani kuna madawati mabovu na kuku wa mlinzi.

Kwa hiyo vitendo tulikuwa tunajifunzia kwenye simu yangu. Video moja, dakika mbili. Jamaa anafungua koki ya bomba la kioo, asidi inadondoka kwenye chupa yenye maji ya njano. Yakigeuka tu rangi ya chungwa, unafunga. Ukizidisha yanakuwa mekundu, umeshaharibu.

Ishu ni kwamba kioo cha simu kilikuwa kimeungua. Kila kitu kijani. Jamaa mwenyewe kijani.

Nikawaambia, "Sikilizeni, jamaa anafunga koki sekunde ya arobaini, ndipo rangi inapogeuka. Shikeni hapo."

Wakashika. Masikini, walishika kweli.

Darasani alikuwepo Huda, binti wa Mzee Abdulhadi mwenye duka la viungo. Huda anataka kuwa mfamasia. Baba yake alishaniambia kavukavu: "Mwalimu, akifeli mtihani wa majaribio, mambo ya dawa basi. Anakuja kukaa dukani."

Mtihani tukaenda kuufanyia shule moja ya Wazo, yenye maabara ya ukweli. Msimamizi, Mwalimu Theonest, akasema anzeni.

Koki ishirini zikafunguliwa. Ukasikika mnong'ono: moja, mbili, tatu...

"Madam, hawa wanasali?" Theonest akaniuliza.

"Wanahesabu."

Ilipofika arobaini, koki kumi na tisa zikafungwa kwa pamoja. Chupa kumi na tisa, nyekundu tupu. Aisee, nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Ya Huda ilikuwa ya chungwa. Alishafunga zamani, katulia.

Tulipotoka nikamuuliza, "We hukuhesabu?"

"Hapana, madam. Nilikuwa naangalia."

Kumbe siku moja kanzu ya baba yake ilimwagikiwa manjano dukani. Huda akaifua kwa sabuni, doa likawa jekundu. Akakamulia ndimu, likarudi njano. Tangu hapo kila jioni yuko jikoni na manjano yake na maji ya sabuni, anadondosha ndimu tone mojamoja kwa bomba la sindano, mpaka akalijua tone linalogeuza rangi.

Theonest alikuwa anasikiliza. Akanigeukia: "Na wewe madam, ungefunga lini?"

Ukweli? Sekondari sikuwahi kulishika bomba lile. Chuoni tulikuwa thelathini kwa bomba moja, nikaishia kuona migongo ya watu.

"Sekunde ya arobaini," nikamjibu.

Matokeo yalipotoka, aliyefaulu ni Huda peke yake. Mzee Abdulhadi akaja shuleni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku kanuna.

"Kumbe ndimu zangu alikuwa anazimaliza huyu! Haya, na asome."

Siku hizi kila Jumamosi tuko uani kwake, nyuma ya duka. Wanafunzi kumi na tisa pamoja na mie. Mwalimu ni Huda.

Walimu wenzangu, simu sijaitupa. Bila ile video wasingejua hata koki ni nini. Ila simu inakuonyesha tu, mkono wako utaufundisha mwenyewe.

Juzi nimeshika ndimu, mdomo ukaanza wenyewe: moja, mbili...

"Madam," Huda akasema, "acha kuhesabu. Angalia."