Hamsini ya Bi Dochka

Sikumwamini Dochka Raleva tangu siku aliyohamia jengo letu, na sioni haya kusema. Mwanamke wa miaka sitini, hana mume, hana hata paka, anashinda kwenye chumba cha chini ya jengo na mlango kaufunga. Alipima mota kiwandani miaka ishirini na sita. Kiwanda kilipokufa, akaanza kutengeneza chushkopek, yale majiko madogo ya umeme ambayo Bulgaria nzima huyatoa balkoni kila Septemba kuchomea pilipili hoho. Alikubadilishia waya wa joto ulioungua, lakini hakukuruhusu uangalie. Waya za zamani alizihifadhi kwenye mitungi ya achari. Za nini, kama si kumfungia mtu mwingine jikoni mwake kana kwamba ni mpya?

Mwaka huo jiko langu lilirudi kutoka kwake likiwa legelege. Pilipili iliyokuwa ikiiva kwa dakika tano sasa ilichukua nane, na ganda halibanduki. Mume wangu Metodi akaligeuza, akakuta chini yake pameandikwa kwa penseli: 50.

"Unaona? Hamsini kwa mia," akasema. "Katufungia nusu ya waya, nusu nyingine iko mtungini."

"Una hakika?"

"Siku za mwizi arobaini, Ginka. Huyu kajiandikia mwenyewe hamsini."

Mimi sina kifua. Kufikia Ijumaa ghorofa zote sita zilikuwa zimesikia, na Zlatka, mwenyekiti wa jengo, akaitisha kikao cha Jumapili: kura ya kumnyang'anya Dochka kile chumba. Bila chumba hana kazi, na bila kazi hana chakula. Nilijua hilo, na usingizi nikaupata.

Jumamosi asubuhi akabisha hodi. Mkononi alikuwa na mita mbili za kupimia umeme.

"Nimekuja kupima wizi wangu," akasema. "Njooni mshuhudie."

Metodi akaguna. "Mita zako, jibu nalo litakuwa lako."

"Basi soma wewe, Bwana Metodi. Macho si yako?"

Akaliunganisha jiko na mita zake pale balkoni, akaliwasha. Metodi akasoma: volti 190, ampea 3.8. Dochka akanipa mimi penseli, si Metodi.

"Gawa volti kwa ampea, dada."

Nikagawa. Nikarudia, maana jibu sikulipenda. Hamsini.

"Omu hamsini. Huo ndio ukinzani wa waya niliokufungia, ndio niliouandika. Ningekata nusu ungepata ishirini na tano, na jiko lingewaka mara mbili. Pilipili zako zingekuwa mkaa."

"Sasa mbona halichomi?"

"Zidisha."

Volti mara ampea: wati 722. Akaliacha jiko likiwaka, akaenda kupima kwenye fyuzi, mlangoni umeme unapoingilia. Volti 220.

"Kwa 220 lingevuta ampea 4.4, likakupa wati 968," akasema. "Volti thelathini zinapotelea humu ndani. Mwizi yupo, dada Ginka, ila anaishi kwako."

Nikataka kumjibu vibaya, lakini alikuwa ameshazidisha thelathini kwa 3.8. "Wati 114. Kama balbu kubwa inayowaka ndani ya ukuta, na hakuna anayeiona."

Akaanza kuupapasa ukuta kwa kiganja. Kwenye chumba kidogo, nyuma ya kabati, kiganja kikakuta joto; akaenda kuzima fyuzi, kisha akafungua kisanduku cha waya. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na karatasi ya ukutani imeungua kahawia. Waya wa alumini wa jengo ulikuwa umesokotwa na waya wa shaba unaokwenda balkoni, ukazungushiwa utepe wa bluu.

"Alumini na shaba hazisokotwi hivi, huliana na kupata moto," akasema. "Nani kafunga?"

Waya huo wa balkoni aliuvuta Metodi kiangazi hicho, jiko likiwa bado kwa Dochka. Kitanda cha mjukuu wetu Nevena kilikuwa shibiri mbili kutoka kwenye kisanduku kile.

Siku hiyohiyo nikapita mlango kwa mlango kuyafuta maneno yangu. Zlatka alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama mikono.

"Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Nilimsingizia, Zlatka. Kosa ni letu."

"Wiki nzima mwizi, leo malaika. Haya. Na Metodi anasemaje?"

"Muulizeni mwenyewe. Utepe ni wake."

Jumapili tukakusanyika chini kwenye ngazi. Dochka alisimama peke yake karibu na masanduku ya barua, koti kalifunga vifungo vyote. Zlatka akauliza nani anataka Dochka atoke kwenye kile chumba, na mikono ikaanza kupanda. Nikamgeukia mume wangu ili aseme. Metodi alikuwa ameshainua wake.