Tumbo la Bi Beseni

Wako wanaolipwa kwa akili zao, na wako wanaolipwa kwa nguvu za mikono yao. Bi Beseni alilipwa kwa ajili ya tumbo lake, na msicheke, maana kazi yenyewe ilikuwa ya heshima, na kitambulisho alikivaa shingoni kama mhandisi yeyote.

Tumbo lenyewe lilikuwa bovu tangu utotoni. Akipanda gari, anatapika. Akipanda lifti, anashuka ghorofa ya pili akiwa amekumbatia ukuta. Siku ya harusi yake, jamani, bwana harusi alikaa ukumbini peke yake kama aliyeachwa, huku bibi harusi akipepewa nje kando ya gari, na shoga yake akiwaapia wakwe, "Wallahi si mimba, ni gari!" Wakwe walihesabu miezi kimyakimya mpaka wakachoka wenyewe. Mumewe, Mungu amrehemu, alimtania kwa habari hiyo mpaka anaingia kaburini.

Sasa nani angedhani kwamba tumbo la namna hiyo lingekuja kutafutwa? Lakini kila chombo na kazi yake. Mjane yule alikuwa akifagia na kupiga deki katika karakana moja inayobuni miwani ya uhalisia pepe. Siku moja wahandisi wakamvalisha miwani yao kwa mzaha, aone maajabu. Hakuona maajabu yoyote. Alitapika kwenye beseni lake la deki, palepale mbele yao. Wenzake walitaka kucheka, ila mhandisi mkuu, kijana mrefu anayetembea kainama kama anayeogopa dari, hakucheka. Alimpa maji, akamwuliza, "Shangazi, ilianzia wapi? Ulikuwa unaangalia nini ilipoanza?" Tangu siku hiyo ufagio akapewa mwingine, na yeye akabaki na beseni na jina lake.

Ngoja niwaeleze hiyo miwani, msije mkadhani ni ya kusomea magazeti. Hii inafunika macho yote mawili, hata mwanga wa dirishani usipenye. Ndani yake mna skrini mbili ndogo, kila moja haizidi biskuti, na mbele ya kila skrini kuna lenzi. Ukiivaa, lenzi zinajisogeza zenyewe mpaka zisimame sawasawa na mboni zako, maana binadamu hatukuumbwa na macho yaliyoachana sawa. Nje kuna kamera zinazotazama chumba. Ndani kuna kamera nyingine, ndogo kama punje ya mtama, zinazokutazama wewe macho. Zinafuata unakoangalia, na hapo tu ndipo picha inapochorwa kwa ukamilifu, na kwingine inapakwapakwa tu. Wangejaribu kuchora kote kwa ukamilifu, chombo kingechemka kikakuunguza paji la uso. Betri wameihamishia kisogoni, uzito usivute pua. Ni kitu cha wenye nazo, tusidanganyane.

Adui wa chombo hiki ni mmoja tu, naye ni kuchelewa. Ukigeuza kichwa, picha nayo igeuke papo hapo. Ikichelewa, hata kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho, macho yanasema hatujaenda popote, na sikio la ndani linasema mbona tumegeuka. Tumbo liko katikati kama mtoto wa wazazi wanaogombana, na mtoto huyo hulia kwa namna anayoijua.

Vipimo vya kupima kuchelewa vilikuwepo, tena vya bei mbaya, lakini kipimo hakina tumbo. Kwa hiyo mhandisi mkuu aliweka sharti: miwani haitoki mlangoni mpaka Bi Beseni aseme "Haya." Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, beseni mapajani, akavalishwa, akatembezwa ndani ya nyumba ya picha yenye ngazi ndefu, roshani na bembea. Akihisi mate yanajaa kinywani, anainua kidole. Kidole kikiinuka tu, wanasimamisha na kuchunguza ni nini kilichokuwa kikitendeka dakika ile. Miaka ya mwanzo kidole kiliinuka hata kabla ya kufika ngazini. Kwa kidole hicho waliharakisha skrini, wakapunguza unene wa lenzi, wakahamisha betri. Mama mmoja fundi wa lenzi, ambaye huzipulizia pumzi kabla ya kuzipangusa utadhani anazibembeleza, alikuwa akisema, "Sisi tunatengeneza, lakini anayezaa ni Bi Beseni. Uchungu wote wake."

Basi ikafika Alhamisi ya kujaribu toleo la mwisho la miwani. Bi Beseni alipanda ngazi, akashuka, akachungulia roshanini, akabembea. Kidole kimya. Akazungushwa tena kwa kasi, kidole kimya. Akavua miwani, nywele zimemlala upande, akatamka: "Haya!"

Weee! Karakana ililipuka. Mhandisi mkuu alishika kile kiti akamzungusha Bi Beseni pale katikati ya meza, mara hivi, mara vile, na yeye akicheka mpaka machozi. Amri ikatolewa kwamba Jumatatu shehena ya kwanza ianze kufungwa.

Jumapili yake mkwewe, mume wa binti yake, alikuja na mkewe kumchukua kwa gari, wakamwone dada wa mkwe huyo aliyejifungua. Bi Beseni ana mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo amerithi tumbo kama lilivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Akiwa ndani ya gari hukaa mbele, kioo kimeshushwa, ndimu mkononi, na haongeleshwi. Bi Beseni alikaa nyuma. Barabara ya kule ina kona ambazo hata dereva anaugulia. Mkwe akatupa jicho kwenye kioo, akashtuka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nasoma ujumbe. Watu wa kazini wananipongeza."

"Unasoma? Kwenye kona hizi?"

Binti akageuka taratibu, uso umemparara. Aliona simu mkononi mwa mama yake, akaona miwani ya kusomea puani, akasahau ugonjwa wake kwa furaha. "Mama amepona! Jamani, mama amepona! Umri wote huu!" Mkwe akapiga honi kushangilia.

Bi Beseni alishusha simu. Maana kama tumbo limepona, limepona lini? Na kama lilipona kabla ya Alhamisi, ile "Haya" yake ilikuwa na maana gani? Alikumbuka alivyozungushwa kwenye kiti akacheka. Mtu wa kawaida tu angeomba ashushwe. Kumbe miaka yote ile, huku wao wakiitengeneza miwani imzoee mtu, tumbo nalo lilikuwa likijizoesha miwani. Wazee walisema mazoea yana taabu.

"Mkwe wangu," alisema, "ukifika kwenye mzunguko ule mbele, usitoke. Zunguka tena."

"Tena, mama?"

"Tena. Na uongeze mwendo."

Mkwe hakukaidi. Akazunguka, akazunguka, watu wa pembeni wanashangaa gari limepagawa. Bi Beseni alifumba macho, akainamisha kichwa, akaomba. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba kichefuchefu, na kwa mara ya kwanza kikamkataa. Aliyekipata ni binti, aliyeshuka akakaa ukingoni mwa barabara na kusema kwamba harudi kwenye gari hilo hata akifa.

Hapo ndipo mtu anapojijua. Angeweza kunyamaza, nani angemuuliza? Miwani ingefungwa, ingesafirishwa, na watu wangetapika sebuleni kwao mbali huko, wasijue wa kumlaumu. Kazi angebaki nayo. Na kazi ile aliipenda, nisiwafiche. Alipenda kuitwa, alipenda chumba kizima cha wasomi kinavyonyamaza kikingoja kidole chake. Mtu aliyechekwa tangu utotoni kwa udhaifu, halafu udhaifu huohuo ukamketisha kitini, unafikiri atakiacha kirahisi? Walipofika kwa yule dada, maziwa aliyombebea mzazi aliyasahau mlangoni.

Jumatatu asubuhi aliwahi kuliko wote. Maboksi yalikwishapangwa ukutani. Mhandisi mkuu alipoingia alimkuta kwenye kile kiti, mikono juu ya beseni.

"Baba, usifunge mzigo," alimwambia. "Tumbo langu limezoea. Ile 'Haya' ya Alhamisi haina kitu."

"Shangazi, vipimo vinasema iko sawa."

"Vipimo vilisema hivyohivyo mwaka jana, na beseni likajaa."

Kijana alikaa juu ya boksi. Hakukasirika, ingawa ilikuwa haki yake. Akasema polepole, "Unajua unachoniambia? Kama limezoea, limezoea. Halirudi. Siwezi kukutumia tena kwa kazi hii."

"Najua. Nimekwishajililia, usinililie wewe. Tafuta tumbo jipya. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Tumbo kama lako? Asubuhi hii? Nitalitoa wapi?"

Bi Beseni alijua pa kulitoa. Alitoa simu mfukoni, akaitazama kama anayemwonea huruma atakayepokea, kisha akapiga.

Binti alifika amependeza, mkoba mpya begani, kwa sababu alidhani ameitwa kuangalia filamu. Nyumbani hakuna aliyejua undani wa kazi ile. Bi Beseni alikuwa akisema tu, "Nakaa kwenye kiti naangalia picha, ndiyo kazi za kisasa hizo," na watu wakamwonea wivu. Fundi wa lenzi alimvalisha, akakaza mkanda, lenzi zikanguruma kidogo zikitafuta mboni mpaka zikatulia. Mama mtu akamwekea beseni mapajani.

"La nini hili?" binti akauliza.

"La kushikilia. Ukihisi mate yanajaa, inua kidole."

Mwanzoni ilikuwa vifijo. "Mama! Ngazi hii! Naona mpaka mishipa ya mbao! Ukuta nao una ufa, wee, wameuchora ufa!" Akapanda akisifia kila kitu. Juu akageuka, akatazama chini ngazini, na sifa zikaisha. Mama yake aliujua ukimya ule. Ulikuwa wake mwenyewe.

Kidole kikainuka.

"Simamisha!" mhandisi mkuu akapaza sauti, na wote wakakimbilia kompyuta. Ilikuwa pale ambapo kichwa kinageuka huku jicho likirukia ngazi ya chini. Jicho linafika, picha kamili haijafika. Vikifanyika kimoja kimoja, vipimo havioni kosa. Vikifanyika pamoja, ndipo kosa linapojificha. "Lipo," alisema, karibu afurahi. "Jamani, lipo! Rudisheni maboksi yote."

Aliyekuwa hajali maboksi ni binti. Miwani ilivuliwa kwa kuchelewa kidogo, na beseni likafanya kazi yake. Bi Beseni alipiga magoti kando ya kiti, mkono mmoja umeshika paji la uso la mwanawe, mwingine unampigapiga mgongoni. "Pole, mama. Toa tu. Usifumbe macho, utaongeza. Tazama kitasa cha mlango kile, kimesimama, hakiendi popote. Haya, vuta pumzi."

Mhandisi mkuu alikuja na glasi ya maji, akabaki amesimama nayo. "Shangazi," alianza, "kuhusu kazi..."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, baba. Nenda katengeneze miwani yako."

Akaiweka glasi sakafuni, akamgusa bega, akaenda.

Binti alikunywa, akatulia. Mkoba mpya ulikuwa umelowa, wala hakuutazama. Alimtazama mama yake, pale chini alipopiga magoti, kama mtu anayehesabu hesabu ndefu kichwani. Ada ya shule. Sare. Kitanda alichonunuliwa alipoingia bweni.

"Ilikuwa hivi?" aliuliza. "Kila siku?"

"Siku nyingine nafuu."

"Halafu ulikuwa unarudi nyumbani, unawasha jiko, unanipikia?"

"Sasa angekupikia nani?"

"Mbona hukuniambia, mama?"

Bi Beseni alichukua kitambaa, akampangusa mdomo taratibu, pembe hii na pembe ile, kama alivyompangusa alipokuwa hajaota meno.

"Ningekwambia," alisema, "ungekula?"