Uzi Ndani ya Jani

Mpangaji aliyetutangulia katika ile nyumba ya chumba kimoja kule Athi River aliacha vitu viwili: msumari ukutani, na mmea dirishani ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Msumari nilijua kazi yake. Mmea ulinishinda. Majani yake yalikuwa manene, ya kijivu, yenye meno pembeni na mwiba mweusi kwenye ncha. Niliumwagilia kila asubuhi kama sukuma wiki, hadi majani ya chini yakalainika na kunuka. Nikakasirika nikaunyima maji, na hapo ndipo uliponawiri. Kila jirani alikuwa na jina la kuupa. Wengi walisema ni shubiri, nami nikaridhika, maana shubiri ni dawa, na nyumba yenye mtoto haikosi haja ya dawa.

Kisha nikapata kazi katika kiwanda cha kushona nguo, nianze Jumatatu. Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na hakutaka kusikia habari ya kuacha ziwa. Mama mkwe akaja kutoka Ndithini kunisaidia, na kiondo alichokuwa hajamaliza kusuka, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure. Alimtazama mtoto aking'ang'ania blauzi yangu, akatazama dirisha, akauliza kwa nini nateseka na kiluma iko pale. Kiluma ndiyo shubiri kwa Kikamba. Watoto wake wote aliwaachisha nayo: unapaka ule uchungu kwenye chuchu, mtoto anaonja, anakunja uso, mambo yanaisha.

Alikata jani kwa kisu, akalikamua kiganjani, akanipaka mwenyewe pande zote mbili. Yalitoka maji mepesi yasiyo na rangi. Mtoto akalirukia ziwa kama kawaida yake. Hakukunja uso. Alipiga yowe.

Nami nikaanza kuwashwa, kisha kuungua kana kwamba nimepakwa pilipili. Vipele vyekundu vilitokeza kifuani. Nilipomtazama mtoto, midomo yake ilikuwa inavimba na mate yanamtiririka. Nikaingiwa na hofu ambayo sijaipata tena maishani. Kama ngozi yangu ya mtu mzima ilikuwa inaungua hivyo, koo lake lilikuwaje?

Mama mkwe aliokota kipande cha jani kilichobaki, akakivunja kwa mikono. Kikakataa kuachana. Nyuzi nyeupe zilinyooka katikati. Alizivuta, akazisokota kwenye paja lake jinsi alivyozoea.

"Mwana wakwa," akasema, "hii si kiluma. Kiluma haina uzi. Hii ni ndugu ya katani."

Alifungua viganja vyake akaviangalia. Havikuwa na wekundu wowote. Alikuwa amechuna katani ya vyondo tangu akiwa msichana, na maji yake yalikuwa yamevizoesha hadi havikusikia tena. Angewashwa hata kidogo tu, asingenipaka.

Tulikimbilia zahanati, mimi na mtoto mbele, yeye nyuma amelikumbatia lile kopo ili daktari auone mmea. Njia nzima nilisikiliza pumzi ya mwanangu. Akinyamaza, nilimtikisa alie. Daktari aliugeuzageuza mmea, akasema hata yeye hajui jina lake, lakini utomvu wa jamii hiyo huchoma na mara nyingi hauui. Hilo neno "mara nyingi" ndilo nililolisikia. Wakamsuuza mtoto mdomo, wakampa maziwa baridi kwa kijiko, wakatuambia tusubiri pale hadi uvimbe uache kupanda.

Tulisubiri. Nilihesabu kila pumzi, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Nilitaka kumfokea mama mkwe, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini kila nikimgeukia nilimkuta anasugua viganja vyake kwenye leso, anavisugua tu. Nikayameza. Jioni uvimbe ulianza kushuka, mtoto akalala, na mimi nikalia kama ndiye niliyechomwa mdomo.

Kesho yake kifua kilikuwa kimejaa na kinauma. Nilikuwa nimejiosha kwa sabuni mara sijui ngapi. Habari ya kazi ilikuwa imenitoka kabisa. Nilitaka tu anyonye, nijue kwamba yuko mzima. Nikaketi kitandani, nikafungua blauzi, nikamwita.

Alikuja hadi katikati ya chumba. Akaangalia ziwa, akaniangalia usoni, na midomo yake ambayo bado ilikuwa minene ikaanza kutetemeka. Akageuka akakimbilia kwa susu, ndivyo alivyomwita bibi yake, akajificha ndani ya leso yake. Mama mkwe hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwisho akamshika.

Nikafunga vifungo vyangu kimoja kimoja. Jumatatu nilienda kazini, na mtoto hakunililia.